Aliyerudi Kabla Hajafika

Maneno haya niliyasema kwenye kikao chetu cha wasikilizaji, Majengo, Dodoma. Mvua iliwazuia wengi, nikaombwa niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mbukwenyi!

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Mwenyekiti, asante kwa kiti hiki, ingawa umenitisha uliposema ni cha mgeni rasmi. Mimi ni fundi. Nimezoea kukaa nyuma ya mitambo, kule gizani, na watu hunikumbuka pale tu spika inapopiga yowe.

Mwezi uliopita tuliweka hapa santuri ya Eric Clapton, ile inayoitwa Eric Clapton's Rainbow Concert. Tukasikiliza upande wa kwanza, tukageuza, tukamaliza, halafu tukagombana mpaka mwenye ukumbi akaanza kuzima taa moja moja. Mkaniambia: fundi, wewe uliandika tuliyosema, rudi utuambie nani alikuwa sahihi. Nimerudi na daftari. Majina yenu sitayataja, maana wengine mlisema mambo ambayo mkeo akisikia utalala kibarazani.

Kwa ambao hawakuwepo. Clapton ni mpiga gitaa la solo wa Uingereza, mzaliwa wa kijiji cha Ripley, mwaka 1945. Alipokuwa bado kijana sana, mashabiki wake London waliandika ukutani kwamba yeye ni Mungu. Mchungaji, usinitazame hivyo, walioandika ni wao. Agosti 1971 alipanda jukwaani New York, kwenye onyesho la kuwachangia watu wa Bangladesh, akiwa hajiwezi. Baada ya hapo akajifungia nyumbani. Ilikuwa heroini. Sisi tunaita unga, na anayeuvuta tunamwita teja, awe amelala stendi au ana jumba la kifahari huko Surrey. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, haiulizi mtu ana magari mangapi.

Rafiki yake, Pete Townshend wa kundi la The Who, akaona huyu mtu anakufa taratibu. Akakusanya wapigaji, akakodi ukumbi wa Rainbow, Finsbury Park, London, akamtoa ndani. Ilikuwa tarehe 13 Januari 1973, maonyesho mawili siku moja. Inasimuliwa kwamba mwenyewe alichelewa kufika kwa sababu suruali ya suti yake nyeupe ilikuwa imembana, alikuwa amenenepa huko alikojificha, ikabidi ifumuliwe kiunoni na kushonwa upya. Septemba mwaka huo sahani ikatoka: nyimbo sita, tatu huku na tatu huku.

Sasa nifungue daftari.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee wetu aliyepiga gitaa la rizimu kwenye bendi za jeshi. Alisema: "Naona watu wanane. Magitaa matatu, kinanda, besi, drams mbili, tumba. Hiyo ni harusi, lakini bwana harusi yuko wapi?" Mkacheka. Lakini mzee hakuwa anatania. Alikuwa anasikiliza kwa sikio la bendi za kwetu, ambako solo ikiingia kila mtu anajua nyumba ni ya nani. Ukimsikiliza Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, huulizi solo ni ya nani. Rizimu inamtandikia mkeka, besi inamletea maji, yeye anakaa anakula. Kwenye sahani hii Townshend yupo, Ron Wood yupo, na nyuzi zao zinapita mbele ya za mwenyewe kama watoto wanaokimbia kati ya mpiga picha na maharusi. Kuna wimbo mzima, ule unaofungua upande wa pili, wa bendi ya Traffic, bendi ya Steve Winwood, na Winwood ndiye anayeuimba. Mzee akauliza: sahani ya kurudi kwa fulani, halafu anaimba mwingine?

Hoja nzito hiyo. Niliibeba wiki nzima.

Kijana wetu wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anayepiga roki chumbani kwake mpaka jirani amegoma kumsalimia, alikuwa mkali zaidi. Yeye anamjua Clapton wa miaka ya sitini, wa bendi ya Cream, yule wa moto. Akasema moto haupo. Nikamuuliza: haupo, au upo umefunikwa na majivu? Akafikiri kidogo, halafu akasema jambo ambalo nililipigia mstari mara mbili. Alisema: "Anapiga kama mtu aliyerudi nyumbani kwake umeme umekatika. Anajua viti viko wapi, lakini anapapasa."

Mwanangu, hata ukifeli mitihani yote, sentensi hiyo ikuhesabiwe.

Halafu akasema mama wa karanga. Nawakumbusha kwamba mama huyu hakuja kusikiliza, alikuja kuuza. Habari za unga hakuna aliyekuwa amemwambia, maana nilianza kueleza historia baada ya sahani kwisha. Ulipofika wimbo wa tatu akaweka beseni chini, akasikiliza, akasema: "Huyu anaumwa." Akabeba beseni lake akaondoka. Hilo ndilo la mwisho kuandikwa kwenye ukurasa huo, kwa sababu baada yake kalamu ilikaa muda mrefu bila kazi.

Mwalimu wa kwaya alisema nyimbo ni nzuri na sauti ni mbovu, akaishia hapo. Kwaya ndivyo walivyo.

Nami kwa kuwa ni fundi, la sauti nitalikalia. Usiku ule ulirekodiwa kwa studio ya magurudumu ya Ronnie Lane, ile ya kukokotwa: mitambo yote imo ndani ya tela, linaegeshwa nje ya ukumbi, waya zinapitishwa mlangoni hadi jukwaani. Anayerekodi hawaoni wapigaji ana kwa ana. Anasikia tu kinacholetwa na waya, na hakuna kusema "samahani, tuanze tena". Kila aliyewahi kurekodi bendi kwenye sherehe anajua jasho lake. Drams mbili zinaingiliana kwenye maikrofoni za kila mtu, tumba inavuma kwenye maikrofoni ya mwimbaji, na mpiga besi akisogea hatua mbili umempoteza. Kwa hiyo mwalimu yuko sahihi: santuri ile ya 1973 ina ukungu. Wasikilizaji wengi wa huko ilikotoka nao walinung'unika hivyohivyo, kwamba sauti imefifia na magitaa yamerundikana.

Lakini hapo akanyoosha mkono babu yetu wa Chamwino, mpiga ilimba, kile kisanduku cha vyuma cha Wagogo. Babu alikuwa amekaa pale nguzoni. Akatueleza anavyotengeneza ilimba yake. Kwenye kisanduku anatoboa tundu, halafu anatafuta ule utando mweupe ambao buibui anafunikia mayai yake, anaubandika juu ya tundu. Kwa nini? Ili sauti ikwaruze. Sauti safi tupu, alisema, ni sauti ya kitu kisicho na mtu ndani yake. Kisha akasema lile lililonifanya nisilale. Kwenye ilimba kubwa kuna vyuma unavyovipiga kwa vidole, na kuna vyuma vingine ambavyo hakuna anayevigusa. Vimewekwa pale viitikie tu. Ukipiga cha jirani yake, nacho kinavuma. "Ukivitoa hivyo visivyopigwa," babu alisema, "ilimba inakuwa bati."

Mzee wa rizimu akanyamaza, nami nikanyamaza. Maana kama ni hivyo, basi wale saba waliomzunguka Clapton hawakumfunika. Walikuwa wanamwitikia ili naye asikike kuwa yupo. Mzee alisikia fujo, babu akasikia ilimba, na sahani ni moja.

Hukumu ndiyo mliyonituma niilete, nami nimeikuta mahali ambapo sikuwa nimetazama. Mwaka 1995 onyesho lile lilitolewa upya, kanda zimechanganywa upya, na safari hii nyimbo ni 14 badala ya sita. Ninayo hiyo ndefu. Jumatatu na Alhamisi nilikaa dukani na watano kati yenu, tukaisikiliza tangu mwanzo. Maoni yakageuka kama mishikaki.

Ile ndefu inaanza na Layla. Ndiyo, ule wimbo wake unaojulikana hadi na wasiomjua. Usiku wa Rainbow, wimbo huo ndio uliofungua onyesho, na kwenye sahani ya 1973 haumo. Ukiusikia ndipo unaelewa kile mama wa karanga alichosikia kupitia ukungu. Mtu anaingia kwenye wimbo ulio mkubwa kuliko nguvu aliyonayo siku hiyo. Wenzake wanamsukuma kwa nyuma, kama tulivyokuwa tukisukuma daladala isiyowaka pale stendi ya Jamatini, na gari linakohoa, linakohoa, linawaka, linazima, linawaka. Halafu nyimbo zinafuatana, nyingine zimenyooka, nyingine zinayumba, na kwenye zile zinazoyumba unasikia watu wanane wakitazamana.

Kijana wa UDOM alisema ile ndefu ni mbaya zaidi kuliko fupi. Mzee wa rizimu, yuleyule wa bwana harusi, akasema ile ndefu ndiyo nzuri. Mimi nasema wote wawili wanasema jambo moja. Fupi imesafishwa. Kwenye usiku mzima wamechagua nyimbo sita, wakakuletea mtu aliyerudi. Ndefu inakuletea mtu anayerudi. Ukitaka sahani ya kuwapigia wageni, weka fupi. Ukitaka kujua kilichotokea tarehe 13 Januari, kaa na ndefu, uvumilie. Mimi naichagua ndefu, na naichagua nikijua ni mbovu.

Masikio yetu hayapaswi kuogopa hilo. Tumelelewa na Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi inasafiri, inaingia studio, inapiga wote kwa mkupuo mmoja, na kosa likibaki linabaki. Tunayapenda makosa yale mpaka leo. Kuna watu humu wakisikia wimbo wa zamani bila lile kosa la besi watasema umechakachuliwa.

Nina jambo la gitaa, nivumilieni, ni ugonjwa wa ufundi. Mwaka 1970 Clapton aliingia duka moja la Nashville, Marekani, akanunua magitaa sita ya Fender Stratocaster, yaliyotumika, kwa bei ya kutupa. Moja akampa George Harrison, moja Pete Townshend, moja Steve Winwood. Matatu yaliyobaki akayafumua, akachukua kilicho bora kwa kila moja, shingo ya hili, mwili wa lile, akaunga gitaa moja jeusi. Aliliita Blackie, na jukwaani alilipiga kwa mara ya kwanza usiku huohuo wa Rainbow. Sasa tazama. Kati ya watatu aliowagawia magitaa alipokuwa mzima, wawili ndio waliosimama kushoto na kulia kwake alipokuwa hajiwezi. Na mkononi ameshika gitaa la kuungaunga, kama tunavyounga redio tatu mbovu pale dukani tukapata moja inayosema. Mwaka 2004 gitaa hilo lilipigwa mnada kwa dola 959,500, fedha zikaenda kwenye kituo cha kuwatibu waraibu alichokianzisha kisiwani Antigua. Mteja wangu aliyeniambia "redio ya kuunga haina bei", kama yupo humu, salamu zake.

Ndugu zangu, mwaka 1973 unatuhusu sisi wa mji huu kwa njia nyingine. Sahani ilitoka Septemba. Oktoba ya mwaka huohuo TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Wazee mnakumbuka shangwe. Mnakumbuka pia tulivyosubiri. Viwanja vikapimwa, mamlaka ya ustawishaji ikaundwa, wengine wakafungua hoteli, wakasubiri, wakafunga. Serikali yenyewe ilikuja kubeba mafaili kwa kishindo kuanzia 2016. Miaka 43 tuliitwa makao makuu huku wakubwa wakishuka ndege asubuhi na kupanda jioni.

Nalisema kwa sababu hiyo ndiyo habari ya sahani hii. Ilitangaza kurudi kwa mtu ambaye alikuwa hajafika. Baada ya makofi ya Rainbow, Clapton hakurudi kwenye muziki. Alirudi kwenye unga. Ulipita muda mrefu kabla hajatibiwa na daktari wa Scotland, Meg Patterson, akapelekwa shambani kufanya kazi za mikono, ndipo mwaka 1974 akatoa albamu ya studio ambayo wengi ndiyo wanayoihesabu kuwa kurejea kwake. Hata hapo aliuacha unga akashika chupa, nayo ikamshika miaka mingi.

Kwa hiyo mmoja wenu aliponiuliza kwa nini niite hii "sahani ya kurudi" wakati hakurudi, sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, lakini ni la nyumbani na si zuri.

Nilimjua mpiga solo mmoja wa hapahapa. Wakubwa mnamjua, wadogo hapana. Kwake haikuwa unga, ilikuwa gongo, ila njia ni ileile. Alipotea miaka miwili. Tukamtafuta, tukamkuta, tukamwogesha. Bendi ikamwandalia usiku wake. Shati lilikuwa la kwangu, la mikono mirefu, maana mikono yake ilikuwa imekwisha. Mitambo nilikuwa mimi, na nilirekodi kaseti. Upande A, alipapasa, kama alivyosema kijana. Upande B kuna dakika kama nne ambazo sijawahi kuzisikia tena kwa mtu yeyote, ndani wala nje ya nchi hii. Watu walisimama juu ya viti. "Amerudi! Amerudi!" Kaseti imeyashika hayo makelele, na sauti yangu imo.

Tukampongeza. Tukamzunguka mezani, na kila mmoja akamnunulia kile kilichomwangusha.

Kaseti ninayo. Nimeisikiliza mara tatu tangu tumzike. Mtu asiyemjua ukimpa ataisifu ule upande wa pili na atakuwa amesema kweli. Mimi ninachosikia ni vile vifuniko vya chupa, vinasikika kabla hata wimbo haujaisha. Hapo ndipo nilipojua kwamba sahani ya namna hii ina wasikilizaji wa aina mbili na hawatapatana kamwe: wanaosikiliza gitaa, na wanaojua kesho yake. Mama wa karanga tu ndiye aliyekuwa aina ya pili bila kuambiwa.

Townshend alifanya vema au vibaya? Alifanya vema. Nani kati yetu alikodi ukumbi? Hapa hospitali ya Mirembe, pale kituo cha Itega, kuna watu wanaendelea na dawa zao za kuachana na unga kila siku, kimyakimya, hakuna bendi. Wanatutazama tukipita na spika.

Swali la mwisho lililo daftarini, na lililotolewa kwa hasira, ni la dada aliyekaa mbele. Alisema: "Fundi, huyuhuyu si ndiye aliyewatukana weusi jukwaani?" Ndiye. Agosti 1976, Birmingham, akiwa amelewa, aliwaambia watu maneno ya kufukuza wageni, maneno machafu siyarudii hapa, na maneno hayo yakachochea wanamuziki wa Uingereza kuanzisha vuguvugu la kupinga ubaguzi kwa roki. Miaka mingi baadaye alisema anajionea aibu. Dada akauliza, sasa sisi tunamlilia nini?

Dada, sikulazimishi. Nakuomba usikilize tumba tu. Usiku wa Rainbow, kati ya wale wanane, mpiga tumba alikuwa Rebop Kwaku Baah, Mghana. Miaka mitatu na nusu kabla ya Birmingham, alikuwa mmoja wa waliomsimamisha yule bwana kwa mikono yake. Kwenye santuri ya 1973 ukungu umemla. Kwenye ile ndefu anasikika, anapita chini ya drams mbili, hashindani nazo, anaziba nyufa. Katika nyimbo zile zinazoyumba, mara nyingi ukijiuliza kwa nini hazikuanguka, ni yeye. Sijui kama hilo linapunguza hasira yako. Yangu halikuipunguza, lilinifanya tu niongeze sauti upande wake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Na wingu lile la upande wa Makole silipendi, umeme ukikatika tumekwisha.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi? Mzee wa rizimu alikuwa sahihi juu ya sahani tuliyoweka. Babu alikuwa sahihi juu ya bendi. Kijana alikuwa sahihi juu ya vidole, na mama wa karanga juu ya mtu. Mwalimu wa kwaya alikuwa sahihi juu ya sauti, na leo nimemletea spika nyingine, tuone atasema nini.

Naweka ile ndefu. Ina zaidi ya saa moja, mwenye kwenda nje aende sasa. Inaanza na Layla, na naomba mtu asiongee mpaka wimbo uishe, hata kama anapapasa. Mama, beseni liweke hapa karibu na mimi, karanga zote nimenunua.